Kabla hujaingiza hela kwenye dagaa wa Kigoma, angalia mwezi kwanza

Mtu akisikia nauza dagaa swali la kwanza ni lilelile, dada mtaji kiasi gani? Nikimjibu laki mbili na nusu, maana ndo nliyoanza nayo mwaka 2019, namuona anachangamka, anadhani kumbe kitu chenyewe chepesi hivyo. Kinachofuata huwa hasubiri kukisikia. Ile laki mbili na nusu iliisha ndani ya siku 19, na katika hizo siku 19 sikupata hasara kwenye mzigo hata mara moja. Kila mzunguko nilipata faida. Hela niliila tu.

Ilikuwa hivi. Siku kumi za kwanza nilikuwa nashuka mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, alfajiri, nanunua, naanika, nauza Mwanga sokoni, narudi na elfu kumi na tano elfu kumi na nane juu ya mtaji, nikaanza kujiita mfanyabiashara. Alafu siku moja nimefika mwaloni saa 12 asubuhi nakuta mitumbwi imelala mchangani, wavuvi wanashona nyavu na kunywa chai. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa anakunja turubai lake, mama shikamoo, leo kuna nini? Akacheka, akasema marahaba mwanangu, mwezi huo, hujauona usiku? Kwakweli nlikuwa nimeuona, mkubwa umejaa, nikausifia na kuusifia. Sikujua ndo umenifungia duka.

Siku tisa sina mzigo. Watoto wanakula kama kawaida, kodi ya chumba ya miezi mitatu ikaangukia humohumo, mtaji ukawa unatoka elfu tano tano, mpaka giza linarudi na dagaa wanashuka kwa mabeseni mimi nimebaki na elfu ishirini na mbili, namtazama mwenzangu anavyonunua.

Kwahiyo somo la kwanza liko hapo na kwangu ndo kubwa kuliko yote, nitalirudia mpaka uchoke: jua biashara yako ina siku ngapi za kuingiza hela na siku ngapi za kukaa, kabla hujajua kitu kingine chochote.

Kwa asiyejua, dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola. Mwanga ndo unawavuta wapande juu wajikusanye, alafu wavu unawazoa. Sasa mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima linang'aa, taa yako haina maana, dagaa wametawanyika. Wavuvi wanapumzika. Ukitaka kujua ni lini tumia ile kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu, hapa Ujiji karibu kila nyumba inayo: kuanzia kama tarehe 11 au 12 ya mwezi mwandamo mpaka 18 au 19 hesabu hakuna mzigo wa maana. Ukishapita ule mwezi mpevu unaanza kuchelewa kuchomoza, kuna wavuvi wanawahi lile giza la mwanzo wa usiku, lakini ni kidogo na bei yake ni ya moto.

Ninachofanya sasa hivi, nachukua kalenda nazungushia zile siku kwa kalamu nyekundu, mwaka mzima. Alafu nagawa faida ya siku za giza kama vile mshahara. Kwa mwezi nina siku kama 20 za kununua, lakini tumbo lina siku 30, kwahiyo kila siku ya giza natoa cha kula leo na naweka nusu ya hicho pembeni kwa ajili ya siku nyekundu. Hesabu ya kitoto kabisa, 20 na nusu yake 10, jumla 30. Ningeijua 2019 nisingelia.

Na sio kukaa tu. Siku nyekundu ndo bei ya dagaa mkavu inapanda, kwahiyo ukiwa na gunia moja tu umelitunza toka giza unauza vizuri kuliko siku zote. Wenye mitaji midogo tunakosea hapo, tunauza mpaka cha mwisho siku mzigo uko kila kona na bei iko chini, kisa tunataka kuona hela mkononi.

Hata kama wewe hutaki dagaa, unataka saluni au genge au kukaanga mihogo, tafuta mwezi wako. Genge lina tarehe 20 mpaka 28 watu hawana hela. Vifaa vya shule vina Januari. Kila biashara ina mwezi wake mpevu.

Haya, kununua. Siku tatu za kwanza nenda mwaloni bila hela. Namaanisha bila hela kabisa, acha hata simu yenye salio nyumbani, maana ukiwa nayo utanunua tu, dalali wa pale anakuona mgeni toka mbali na maneno yake matamu, dada huu mzigo wa mwisho, wenzio wameshachukua. Simama, angalia. Beseni linaanza bei gani saa 12, limefika ngapi saa 2 jua likiwa kali. Mimi nilikuja kugundua kwamba anayefika wa kwanza halipi bei nzuri, na wa mwisho anapata kilicholegea. Dagaa mbichi mzuri anang'aa kama bati jipya, ukimshika hakunjiki ovyo, na tumbo halijapasuka. Tumbo likipasuka ujue kalala muda mrefu, huyo hata ukimwanika vipi anakauka rangi ya kahawia na anakuwa na uchungu.

Kama unanunua wakavu ndo kuna mtego wa mchanga. Wengi bado wanaanika chini ufukweni, na mchanga una uzito, kwahiyo kwenye kilo yako kuna ziwa Tanganyika umelinunua. Usimuulize muuzaji, atakuapia kwa jina la mama yake. Chukua kiganja kimoja, tia kwenye kikombe cha maji masafi, koroga kwa kidole, hesabu mpaka ishirini, watoe dagaa, angalia chini ya kikombe. Mimi natembea na kikombe cha bati kwenye mkoba, pale sokoni wananiita mama kikombe, na sijali. Mwaka wa pili kuna mteja wangu wa Dodoma aliniambia ameacha wauzaji wengine wote kwasababu dagaa wangu havunji nao jino, jina la mama kikombe likawa limejilipa.

Kuanika ndo kazi yenyewe. Chanja sio kitu cha gharama, miti minne ya nguzo, fito, na juu unatandika wavu wa matundu madogo, urefu wa kiunoni ili usivunjike mgongo wakati wa kugeuza. Upepo unapita chini na juu, dagaa anakauka haraka kuliko mchangani, kuku na mbwa hawamfikii. Jua likiwa kali mzigo wa asubuhi unakauka siku hiyohiyo, ila lazima ugeuze, na usiwarundike, watandaze mpaka uone wavu. Ukimvunja dagaa katikati anatakiwa alie kama kijiti. Akijipinda bado.

Mvua ni habari nyingine. Huku kwetu zinaanza Oktoba au Novemba hivi na zinakwenda mpaka Aprili Mei, na hapo chanja bila turubai ni kamari. Mimi nimewahi kupoteza mabeseni manne kwa siku moja. Kulikuwa na msiba Gungu, nikamwachia kijana wa jirani, nikamwambia, mdogo wangu, wingu likija funika. Wingu likaja, akafunika, tatizo alifunika akaacha hivyohivyo mpaka jioni narudi, mvua yenyewe ilikuwa ya nusu saa tu alafu jua likawaka. Nafungua turubai natoka na mvuke usoni kama nimefunua sufuria ya wali. Wale dagaa walikuwa wameiva. Nikawauza kwa mtu wa chakula cha kuku kwa bei ambayo sitaki kuiandika. Yule kijana sikumgombeza, maana nilimwambia funika, sikumwambia funua. Tangu hapo nikimpa mtu kazi namwambia mwanzo wake na mwisho wake, na namwambia anirudishie kwa mdomo wake alichoelewa. Inachosha lakini inaokoa.

Sasa hesabu, na hapa naomba usome polepole maana ndo biashara nyingi zinakufa zikiwa zinacheka. Bei zinabadilika kila siku, kwahiyo hizi namba ni za mfano tu. Tufanye umenunua kilo 30 mbichi kwa 2,500, hiyo ni 75,000. Boda 3,000. Kibarua wa kutandaza na kugeuza 4,000. Mifuko 2,000. Jumla 84,000. Dagaa akikauka anapungua sana, inakwenda kilo tatu mpaka nne mbichi kupata moja kavu. Mtu mwenye haraka anapiga 30 gawa kwa 3, anapata kilo 10, anauza 12,000, jumla 120,000, anaona faida 36,000 anaanza kuchagua kitenge. Ukweli ni kwamba zilitoka kilo 9, ukachekecha ukatoa unga na vipande nusu kilo, zimebaki 8 na nusu. Mara 12,000 ni 102,000. Faida 18,000. Nusu ya ile ya kwanza ilikuwa hewa! Na bado hujajilipa wewe, hujala mchana, hujalipa ushuru wa soko. Kwahiyo pima kabla na pima baada, kila mzigo, andika. Mimi baada ya miezi sita ya kuandika nilijua kabisa kwamba mzigo wa kiangazi unanipa tofauti na wa masika, na nikaacha kukubali oda kwa bei moja mwaka mzima.

Mzani nunua mapema, na uwe ule unaokaguliwa na Wakala wa Vipimo. Sado, lile kopo la kupimia, ni tamu kwa mteja wa mtaani lakini sado ni mkono, ukitikisa anaingia mwingi usipotikisa anaingia mchache, na mteja anataka utikise na wewe unataka usitikise, kila siku ugomvi mdogo. Hapa mtaani bado nauza kwa sado kwasababu ndo watu walivyozoea, ila mzigo wa kusafiri ni kilo tu.

Kukopesha. Hili nalo nimelipia ada. Mwanzo nilikuwa nakopesha kila mtu maana naona aibu kumnyima mtu mboga. Watumishi wanalipa mwisho wa mwezi, sawa, shida ilikuwa ndugu. Mama mdogo wangu alikuwa anatuma mtoto kila Jumamosi, mwambie mama mkubwa anipe sado moja nitampa. Nitampa ile ilifika sado kumi na moja. Nikamfuata nyumbani kwake nikakaa, nikanywa na chai, nikamwambia mama, hizi dagaa sio zangu, ni za mtaji, na mtaji ndo unasomesha wajukuu zako. Akanyamaza, akasema sasa mwanangu si ungesema. Kumbe mwenyewe alijua namgawia kwa upendo! Hajawahi kulipa zile kumi na moja na wala sidai, lakini siku hizi analipa, tena anakuja mwenyewe, na nikiwa na giza zuri nampelekea kibaba cha bure nikiwa nimekiandika kwenye daftari kama zawadi. Kiandike. Zawadi isiyoandikwa utaitafuta kama hasara.

Kwa wengine sheria yangu ni moja tu, deni la kwanza halijalipwa la pili halipo, na watu kumi tu kwa wakati mmoja, mmoja akilipa mwingine anaingia. Orodha yenyewe ipo ukutani stoo, majina sijaandika vizuri makusudi, nasoma mimi tu.

Hela ya biashara iwe na laini yake ya simu. Usinambie unajua kutofautisha kichwani, hujui, hakuna anayejua. Laini moja wateja wanatumia, na ile ya nyumbani nyingine, na kila jioni najihamishia cha kula, basi. Mtoto akiumwa natoa kwenye biashara ndiyo, sitajifanya malaika, ila naandika nimekopa.

Na hilo daftari lina faida nyingine ambayo hakuna aliyeniambia. Nilivyokwenda TRA, watu wa kodi, kuchukua TIN (namba ya mlipakodi, hiyo ni bure, usimpe mtu hela ya kukutolea) nikaelezwa viwango vya mfanyabiashara mdogo. Kwa viwango nilivyolipia mimi, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hulipi kodi ya mapato. Ukivuka hapo mpaka milioni 7, kama huna kumbukumbu unalipa 100,000, kama unazo unalipa 3% ya kile kilichozidi milioni 4. Mwaka wangu mzima wa kwanza mauzo yalikuwa kama milioni 5 na laki mbili, kwahiyo nilipiga 3% ya milioni 1 na laki mbili, 36,000. Daftari la elfu mbili limeniokolea 64,000. Kabla hujalipa nenda ukaulize viwango vya mwaka huo, usitegemee vyangu. Leseni unachukua halmashauri, na mzigo wa samaki ukitoka mkoani unahitaji kibali cha watu wa uvuvi, usijaribu kupita kimyakimya, ukikamatwa njiani mzigo unakaa juani na wewe unakaa nao.

Wateja wa mbali ndo wanalipa vizuri, Dodoma, Morogoro, Dar, lakini hela yao ina stress zake. Niliwahi kutuma boksi la kilo 25 kwa basi moja, likafika kituo sicho, kila nikipiga naambiwa subiri, siku ya sita wakaniambia halionekani. Sina risiti. Konda nilimpa hela mkononi kwasababu alinichangamkia. Siku hizi: nusu ya malipo kabla sijafunga mzigo, risiti yenye namba lazima, jina na simu ya mpokeaji nje NA ndani ya mzigo, na nalipiga picha boksi likiwa juu ya mzani, mteja anaona kilo kabla halijaondoka. Tangu nianze kutuma hiyo picha hakuna aliyewahi kuniambia umepungua. Mzigo mkubwa usio na haraka treni ni nafuu, reli ipo hapa toka 1914, taratibu lakini inafika.

Nimalizie na 2024 maana ndo mtihani mkubwa uliotupata. Ziwa lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wazaliane. Wengine walisema haitafungwa, serikali inatishia tu. Mimi nikasema hii ni mwezi mpevu wa siku 90, nikafanya vilevile ninavyofanya kila mwezi ila kwa ukubwa. Nikaweka kilo 120 kavu. Na pembeni nikaanza mawese, maana michikichi haina habari na taa wala mwezi, nanunua kwa wakamuaji huko vijijini nauza kwa dumu na kwa chupa.

Mawese yalinilisha. Zile kilo 120 nilizitunza vibaya. Nilifunga kwenye mifuko ya plastiki nikaipanga chini kwenye sakafu, nikajisifu, mwezi wa pili nafungua mmoja nasikia kama mchanga unatembea. Wadudu weusi wadogo, na mabuu yana manyoya, dagaa wamebaki vichwa na unga. Kama kilo 30 hivi zilikwenda. Zilizobaki nikazianika upya jua kali siku nzima, nikachekecha, nikauza kwa bei nzuri sana kwa kweli, lakini roho inaniuma mpaka leo. Ukitunza mzigo mrefu tumia magunia safi yanayopumua, panga juu ya vichaga visiguse sakafu wala ukuta, na kila wiki mbili toa anika tena hata kama unaona wamekauka. Usitie dawa ya wadudu, hicho ni chakula cha watu.

Mawese sijayaacha tena. Zile siku nyekundu kwenye kalenda ndo naendea mawese, kwahiyo siku hizi sina siku ya kukaa mwaloni natazama watu wanashona nyavu.

Ukija Kibirizi kuanza, njoo mwezi ukiwa mchanga, tarehe moja au mbili hivi ya mwezi mwandamo, uone mzigo wenyewe unavyoshuka. Siku tatu bila hela. Siku ya nne njoo na beseni moja tu, hela ya beseni moja, na kikombe. Chanja ya kuazima zipo, waulize akina mama wa pale, salimia kwanza.